Je, Wajua? Kwako Wewe Unayeshikilia Kiti Ndege Ikipaa

Sogea hapa, benchi lina nafasi. Bado nusu saa hawajatuita kupanda, na nimekuona unavyoitupia jicho ile ndege pale nje huku tiketi ikikunjamana mkononi mwako. Usione haya hata kidogo. Nina mambo ya kukuambia mpaka ulimi unaniwasha.

Je, wajua kwamba Dennis Bergkamp, yule fundi wa Arsenal, alikuwa hapandi ndege? Kabisa! Baada ya Kombe la Dunia la 1994 kule Marekani alisema imetosha. Mechi za Ulaya alizifuata kwa gari au treni, na zile za mbali mno aliwaachia wenzake. Alikaa Arsenal miaka 11, akatwaa ubingwa wa England mara 3, na msimamo wake ukabaki palepale.

Na lile bao dhidi ya Argentina? Kama hujaliona, mwombe shabiki yeyote wa Arsenal mtaani kwenu akuigizie. Atasimama katikati ya njia akuoneshe. Marseille, Julai 4, 1998, dakika za mwisho kabisa. Mpira mrefu unashuka kutoka mawinguni, anautuliza kwa mguso mmoja, anamhadaa beki kwa mguso wa pili, anafunga kwa mguso wa tatu. Miguso mitatu tu, kwa mguu uleule! Na sikia bahati: fainali zile zilichezwa Ufaransa, ambako mtu wa Uholanzi hufika kwa barabara. Za 2002 zilipelekwa Japani na Korea Kusini, lakini yeye alikuwa ameshaiaga timu ya taifa tangu 2000.

Je, wajua kwamba Muhammad Ali naye aliiogopa ndege? Mwaka 1960, akiwa kijana wa miaka 18, alitakiwa kwenda Olimpiki ya Roma. Mtoto wa kocha wake alisimulia kuwa Ali aliingia duka la vifaa vilivyotumika jeshini, akanunua mwavuli wa kurukia, akauvaa safari nzima. Alirudi na dhahabu shingoni! Miaka 14 baadaye alivuka bahari tena, mara hii mpaka Kinshasa, akamlaza George Foreman chini raundi ya 8.

Isaac Asimov je? Huyu aliandika na kuhariri vitabu zaidi ya 500, vingine vikiwapeleka watu kwenye sayari za mbali. Yeye mwenyewe alipanda ndege mara 2 tu maishani. Mara mbili!

Mwongoza filamu Stanley Kubrick alikuwa na leseni ya urubani, na bado aliogopa. Filamu yake ya vita vya Vietnam, ile ya 1987, aliipiga Uingereza alikokuwa akiishi, na mitende ya kupamba mandhari ikaagizwa kutoka Hispania. Afadhali miti isafiri kuliko yeye. Na Stalin, aliyetikisa nusu ya dunia, anajulikana kwa safari moja ya ndege, ya kwenda mkutanoni Tehran mwaka 1943.

Unaona ulivyo na wenzako? Shika hii nyingine sasa, maana ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Je, wajua kwamba kazi ya wahudumu wa kike ndani ya ndege ilianzishwa kwa ajili ya watu kama wewe? Mwaka 1930 Mmarekani aitwaye Ellen Church, muuguzi aliyekuwa pia na leseni ya kurusha ndege, aliomba kazi ya urubani akakataliwa kwa sababu ni mwanamke. Hakuondoka mikono mitupu. Akawaambia wakubwa wa shirika: abiria wanaogopa, wekeni wauguzi ndani, watatulia. Mei 15, 1930 akapanda yeye mwenyewe kutoka upande wa San Francisco kwenda Chicago: abiria 14, vituo 13 njiani, saa 20 nzima. Kwa hiyo ukimwambia mhudumu, "Dada, mimi naogopa," humsumbui hata chembe. Unamrudisha kwenye kazi ya kwanza kabisa ya wadhifa wake.

Haya, tuitazame ndege yenyewe.

Je, wajua bawa la ndege linapinda, na limetengenezwa lipinde? Mwaka 2010 Boeing walilifunga bawa la 787 kiwandani wakalivuta kwenda juu hadi likapanda mita 7 na nusu kutoka mahali pake. Urefu wa nyumba ya ghorofa mbili! Mzigo walioliwekea ulikuwa asilimia 150 ya ule mkubwa kuliko wote ambao linatarajiwa kukutana nao angani. Halikuvunjika.

La 777 ndilo walilivunja, tena kwa makusudi, mwaka 1995. Walizidisha mzigo na kuzidisha mpaka likasema basi kwenye asilimia 154. Kwa hiyo ukichungulia dirishani ukaliona bawa linachezacheza kama tawi la mwembe kwenye upepo, wewe furahi. Bawa linalokataa kupinda ndilo la kuliogopa.

Injini ikizimika je? Swali zuri, nilikuwa nalisubiri. Kwanza, ndege ya abiria yenye injini mbili hairuhusiwi kuuzwa kama haiwezi kumalizia kupaa kwa injini moja tu. Nyingine, aina ya Airbus A350, imepewa kibali cha kupita njia ambayo uwanja wa karibu uko dakika 370 kwa injini moja. Saa 6 na ziada!

Na zikizimika zote? Haianguki kama jiwe, rafiki yangu. Inateleza hewani kama mwewe aliyetandaza mbawa bila kuzipiga. Kutoka kimo cha kilomita 10 ndege kubwa inaweza kuteleza zaidi ya kilomita 100 mbele.

Unataka ushahidi? Agosti 24, 2001, Airbus A330 yenye watu 306 iliishiwa mafuta katikati ya Bahari ya Atlantiki. Injini zote mbili kimya. Marubani wakaitelezesha kilomita 120 hivi, kama kutoka Mombasa hadi Malindi, kwa takriban dakika 19, wakatua kwenye kisiwa kimoja cha Azores. Wote 306 walitoka hai.

Kuna ile ya Kanada, Julai 23, 1983. Mtu alichanganya paundi na kilo alipopima mafuta, na Boeing 767 mpya ikaishiwa ikiwa juu kabisa, futi 41,000. Kumbe rubani wake alikuwa na mapenzi ya kurusha ndege ndogo zisizo na injini! Akaitua kwenye uwanja wa zamani wa jeshi uliokuwa umegeuzwa kiwanja cha mashindano ya magari, mahali paitwapo Gimli. Watu 69, wote walitoka hai. Ndege ile ikafanyiwa matengenezo, ikarudi kazini, ikaendelea kubeba abiria hadi 2008.

Na Juni 24, 1982, juu ya kisiwa cha Java, Boeing 747 ilipita kwenye majivu ya volkano usiku. Injini zote 4 zikakata. Rubani akawatangazia abiria kwa sauti ya utulivu kwamba kuna tatizo dogo, injini zote nne zimesimama, na wanafanya kila linalowezekana kuziwasha. Tatizo dogo! Zikawaka tena walipotoka kwenye majivu, na watu 263 wakatua salama Jakarta.

Je, wajua ndege ya abiria hupigwa na radi kwa wastani mara moja kila mwaka? Huenda hiyo pale nje imeshapigwa mara kadhaa na mwaka huu bado haujaisha. Umeme hupita kwenye ganda la nje, unaingilia ncha moja na kutokea nyingine, na wewe ndani unaendelea na karanga zako. Hata zile ambazo bodi yake si bati bali nyuzi za kaboni hutandikwa wavu mwembamba wa metali ndani ya ganda kwa kazi hiyohiyo.

Mlango je, kuna mtu anaweza kuufungua huko juu? Hawezi. Hewa ya ndani inausukuma mlango kwenye fremu yake kwa nguvu ya tani nyingi. Lete mabondia, lete wabeba magunia wa sokoni, hautatoka.

Angalia dirisha lako utakapokaa: chini kidogo utaona tundu dogo kama la sindano. Usilizibe, na wala usiite mtu. Dirisha lina vioo vitatu, na tundu hilo limewekwa ili kioo cha nje ndicho kibebe mzigo wote wa hewa huku cha kati kikibaki akiba. Linazuia ukungu pia.

Na kwa nini madirisha yana kona za mviringo? Mwaka 1954 ndege mbili za Uingereza aina ya Comet zilipasuka angani. Wataalamu walichukua bodi nzima ya Comet, wakaizamisha kwenye tangi kubwa la maji pale Farnborough, wakaibana na kuiachia maelfu ya mara hadi ikapasuka mbele ya macho yao. Nyufa zilianzia kwenye kona za nafasi zilizokatwa kwenye bodi. Tangu hapo kona kali ziliondoka.

Kisanduku cheusi, wajua ni cha rangi gani? Chungwa! Chungwa la kuwaka, kionekane kirahisi kwenye mabaki. Aliyebuni kile kinachorekodi sauti za marubani ni David Warren wa Australia, na baba yake alikufa kwenye ajali ya ndege mwaka 1934, yeye akiwa mtoto wa miaka 9. Nikilifikiria hilo huwa nanyamaza kidogo. Yule mtoto ndiye aliyewapa wachunguzi masikio.

Hewa ya ndani je? Inabadilishwa yote kila baada ya dakika 2 au 3. Na hii utaipenda kama umewahi kuishi Nairobi: ndani ya Boeing 787, zile zinazorushwa na mashirika ya Kenya na Tanzania, hewa hutunzwa kama ya mahali penye kimo cha futi 6,000. Nairobi iko karibu futi 5,900. Yaani uko mawinguni, juu mara mbili ya Kilimanjaro, na mapafu yako yanadhani uko Tom Mboya Street.

Ila hewa hiyo ni kavu, kavu kweli, mara nyingi unyevu wake hauzidi asilimia 20. Kunywa maji. Kahawa iache leo, maana inaudundisha moyo, na moyo ukidunda wewe utasema ni hofu.

Sasa sauti. Hapa ndipo watu wengi wanapoteseka bure, kwa hiyo nipe sikio lako lote.

Ndege bado iko chini, unasikia chini ya miguu kitu kama mbwa anabweka, au mtu anakata ubao kwa msumeno? Hiyo ni Airbus ndogo, zile za familia ya A320, na pampu yake inasawazisha nguvu ya mafuta ya haidroliki kati ya upande mmoja na mwingine. Hakuna mbwa kwenye mizigo anayekufa.

Sekunde chache baada ya kupaa, "gudum!" Magurudumu yameingia ndani na milango yake imejifunga.

Kisha injini zinapunguza sauti ghafla na tumbo linakwambia tunashuka. Tumbo linadanganya! Ndege imepunguza tu nguvu ya kupaa, nayo bado inapanda. Sikio la ndani, lile linalokusaidia usidondoke ukitembea, likizoea kusukumwa kwa nguvu huona kupungua kwa msukumo kama kuanguka. Nilikaa miaka bila kulijua hilo, na kila safari dakika ileile nilifumba macho nikangoja mwisho.

Taa za ndani kuzimwa wakati wa kupaa au kutua usiku? Ni macho yako yanazoeshwa giza mapema, ili ikibidi kutoka uone njia. Dirisha unaambiwa ufungue kwa sababu inayofanana: wahudumu wanataka kuona nje kukoje.

Na mitikisiko? Ngoja nikupe kisa. Safari ya Dar kwenda Mwanza, mama mmoja wa makamo kakaa pembeni yangu, khanga kaitanda mabegani. Tukaingia kwenye wingu zito, ndege ikaanza kurukaruka. Akanishika kifundo cha mkono, nikahisi kucha. "Mwanangu, ndiyo tunaondoka?" Nikachukua kikombe chake cha maji, kilikuwa nusu, nikakiweka katikati ya meza. Nikamwambia, "Mama, tuyaangalie maji tu." Tukayaangalia. Yalitetemeka, yakachora vile viduara, yakapanda ukingo kidogo upande mmoja, yakashuka. Hayakumwagika. Mwili ulikuwa unasema tumedondoka ghorofa tano, na maji yalikuwa yanasema tumepita tuta. Baada ya dakika kama 3 akaachia mkono wangu, akayanywa.

Jaribu hicho kikombe. Ni dawa!

Je, wajua Marekani, yenye abiria mamia ya milioni kila mwaka, ilihesabu watu 163 tu walioumia vibaya kwa mitikisiko kuanzia 2009 hadi 2022? Na wengi wao walikuwa wahudumu, watu ambao kazi yao ni kusimama na kutembea. Mkanda ukiwa kiunoni mwako umeshamaliza sehemu kubwa ya kazi. Uache umefungwa hata taa ikizimwa.

Kiti kinachotikisika kidogo ni cha usawa wa mabawa. Ni kama ubao wa kupembea wa watoto: aliye katikati hapandi wala hashuki, wa mwisho ndiye anayerushwa.

Namba sasa, maana najua unazitaka. Profesa Arnold Barnett na mwenzake wa MIT, Marekani, walipiga hesabu za dunia nzima za 2018 hadi 2022. Hatari ya kufa kwenye safari ya ndege ilikuwa mara 1 katika kupanda mara milioni 13.7. Rudia: milioni kumi na tatu na laki saba! Ukipanda ndege kila siku ya Mungu, Idi na Krismasi zikiwemo, kwa wastani ingekuchukua zaidi ya miaka 37,000 kabla ya kufikwa na ajali ya kifo. Enzi za 1968 hadi 1977 hatari hiyo ilikuwa 1 katika 350,000.

Mwaka mzima wa 2017 hakuna abiria hata mmoja aliyekufa kwenye ajali ya ndege kubwa ya jeti ya biashara, popote duniani. Barabarani? Shirika la Afya Duniani lilihesabu vifo milioni 1.19 kwa mwaka 2021. Ni zaidi ya 3,200 kila siku. Na wewe hapa ulifikaje leo, kwa bodaboda? Ukashuka ukatembea bila hata kushika moyo.

Kuna hili linaloumiza. Baada ya mashambulizi ya Septemba 11, 2001, Wamarekani wengi waliogopa ndege wakahamia barabarani. Mtafiti wa Ujerumani, Gerd Gigerenzer, alikadiria kwamba katika miezi 12 iliyofuata watu takriban 1,500 zaidi walikufa kwenye magari kwa sababu hiyo. Abiria na wahudumu waliokuwa ndani ya ndege zile nne zilizotekwa walikuwa 246. Mara sita yake!

Je, wajua hata ajali ikitokea, wengi hutoka hai? Marekani ilichunguza ajali zote za mashirika yake kuanzia 1983 hadi 2000. Watu 53,487 walihusika. Waliopona: 51,207.

Najua unachowaza sasa hivi. Unawaza Bukoba, Novemba 6, 2022, ndege ndani ya Ziwa Victoria. Mimi pia nilikaa kwenye redio siku ile nzima, na waliozikwa hatutawasahau. Walikuwemo watu 43. Tulipoteza 19, na 24 waliokolewa, wavuvi wakiwa wa kwanza kufika na mitumbwi yao. Sitaki kukuficha kitu. Hofu yako ina sababu, na hesabu nazo ni za kweli, vyote viwili pamoja.

Je, wajua ndege kubwa hairuhusiwi kubeba watu hadi ithibitishe kwamba inaweza kutoa wote ndani ya sekunde 90, gizani, nusu ya milango ikiwa imefungwa? Airbus A380 ilijaribiwa Hamburg mwaka 2006. Watu 873 wakatoka kwa sekunde 78! Daladala letu la asubuhi halijamaliza kushusha abiria wa kituo kimoja.

Na Januari 2, 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya abiria iligongana kwenye njia ya kurukia na ndege ndogo ya walinzi wa pwani, ikawaka moto. Watano wa ile ndogo walikufa. Kwenye kubwa walikuwemo 379, nao wakatoka wote 379. Mabegi waliyaacha. Kumbuka hilo: begi linabaki.

Rubani je, mara ya mwisho alipimwa lini? Wa mashirika ya abiria hurudishwa kwenye mashine ya mazoezi kwa kawaida kila miezi 6, akazimiwa injini, akawashiwa moto wa bandia, akaletewa dhoruba. Zile ajali unazoziwaza usiku, yeye kazifanyia mtihani mchana. Na mashirika mengi huwapa marubani wawili vyakula tofauti. Chakula kikiharibu tumbo la mmoja, mwenzake yupo.

Sasa wewe utafanyaje? Vuta pumzi kwa pua, kisha itoe polepole, itoke ndefu kuliko ilivyoingia. Pumzi ndefu ya kutoka inaupunguzia moyo kasi, na huhitaji kuamini ndipo ifanye kazi. Ile hofu kali ya ghafla, ya jasho na kifua kubana, hufika kileleni ndani ya dakika chache, halafu inashuka yenyewe. Haiwezi kukaa juu daima. Mwili hauna nguvu hizo.

Au iseme kwa sauti! Mwaka 2012 watafiti wa chuo kikuu cha UCLA waliwaleta watu 88 wanaoogopa buibui mbele ya buibui mkubwa mwenye manyoya. Wale walioambiwa wataje hofu yao waziwazi, kwamba naogopa, hili dude linatisha, ndio waliorudi baadaye wakiwa watulivu kuliko waliojiambia hakuna cha kutisha. Kwa hiyo mgeukie jirani useme. Yule mama aliponiuliza ndiyo tunaondoka, alikuwa ameshaanza tiba bila kujua.

Vidonge vya kutuliza? Hapa nenda taratibu. Mwaka 1997 watafiti wa Stanford waliwapa baadhi ya wanawake wanaoogopa ndege kidonge kinachojulikana sana, alprazolam, na wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Safari ya kwanza wenye dawa walitulia. Safari ya pili, wiki moja baadaye, bila dawa, wao ndio walioogopa zaidi! Ubongo haukuwa umejifunza kitu. Ongea na daktari wako kwanza.

Je, wajua unaweza kutibiwa bila kuondoka ardhini? Mwaka 2000 huko Atlanta wagonjwa walivalishwa miwani ya kompyuta inayokuingiza kwenye ndege ya kuigiza, na wakapona sawasawa na waliopelekwa kwenye ndege ya kweli. Na British Airways wana darasa la wanaoogopa. Wamepita humo zaidi ya watu 50,000, na mwisho wa somo wote hupandishwa ndege pamoja.

Uwanja wa San Francisco wao wameajiri wanyama. Mbwa wapole huzunguka ukumbini ili abiria wawapapase, na kuanzia 2016 alikuwepo nguruwe aitwaye LiLou, kavalishwa kofia ya rubani, kucha kapakwa rangi, anapiga kinanda cha mtoto. Nguruwe mpiga kinanda uwanjani! Mtu atakumbukaje kuogopa?

Ukitua kwa kishindo mvua ikinyesha, usimlaumu rubani. Kwenye njia ya kurukia yenye maji hutakiwa kuyakanyagisha magurudumu kwa nguvu kidogo, yapasue maji yakamate lami. Mara moja vibao vinasimama juu ya bawa na injini zinanguruma. Hizo ni breki.

Unasikia? Wametutangaza. Nioneshe tiketi yako… 14A! Dirishani, usawa wa bawa, na mimi nilikuwa naomba upate hapohapo. Ndege ikianza kukimbia usifumbe macho. Kaza jicho kwenye ncha ya bawa tu, utaiona inainuka kabla wewe hujainuka.